Moto wa Kulea

Yule binti alikuja kituoni na bakuli mbili za supu. Akaziweka juu ya benchi la mapokezi, akasimama pale pale kama mtu aliyesahau alichofuata.

"Nianze na ipi?" akauliza.

Polisi wa mapokezi, masikini, akadhani swali ni lake. Akajibu, "Yoyote tu, dada." Hakujua. Bakuli moja ilikuwa ya mume wake, aliyelazwa hospitali ameungua kuanzia miguuni mpaka kifuani. Nyingine ilikuwa ya baba yake mzazi, aliyekuwa mahabusu nyuma ya ukuta ule ule wa mapokezi, kwa kosa la kumuunguza huyo mume.

Sasa hapo unaanza na ipi?

Aliyemtoa pale ni Inspekta, mama mmoja mnene wa sauti ndogo. Jina lake lilikuwa kifuani kwenye kibati lakini hakuna aliyelisoma; mji mzima walimwita Mama Kwanini. Wezi ndio waliompa hilo jina. Walisema wenzake wanapiga, huyu anauliza kwa nini, na ukijibu anauliza tena kwa nini, mpaka unatamani angekupiga tu yaishe.

"Kaa, mwanangu."

"Sikai, mama. Nataka jibu leo."

"Jibu gani?"

"Baba kamuunguza mume wangu, au hajamuunguza? Asubuhi daktari ameniita pembeni. Ameniambia niwaite ndugu. Unajua daktari akisema uite ndugu ni nini?"

"Najua."

"Na kesho baba mnampeleka mahakamani. Mume wangu akifa, nikamlilie kwenye bega la nani? La muuaji wake?" Hakuwa analia. Alikuwa amekauka, midomo imepasuka. "Niambie tu. Kama ni yeye nijue, nimchukie, nimalize. Siwezi kuwapelekea wote supu huku sijui."

Mama Kwanini akachukua bakuli moja mwenyewe. "Hii ya huku ndani nitampa mimi. Wewe nenda kwa mgonjwa. Kabla ya jioni nitakuwa na jibu."

Sajenti alikuwa mlangoni anasikia. Wakiwa kwenye gari akamwambia, "Afande, kwa nini umemwahidi?"

"Hiyo kwa nini ni yangu. Endesha."

Kesi yenyewe, ukiiangalia haraka haraka, ilikuwa imeshaiva. Kiwanda kidogo cha chupa za maabara, chenye tanuri la umeme la kuyeyushia kioo. Ndani ya tanuri zinaning'inia fito, zimekunjwa kama pini za nywele, na umeme ukipita zinawaka mpaka huwezi kuzitazama. Chini yake kuna chungu cha kioo. Mzee mmoja, wanamwita Babu Moto, ndiye mkuu wa tanuri tangu zama za kuchoma kwa kuni na mafuta machafu. Mkwewe anafanya kazi chini yake, na tajiri alishatangaza kwamba mkwe ndiye atakayeshika tanuri, mzee akapumzike. Wiki ile ile wakagombana. Mlinzi wa getini alimsikia mzee akifoka: "Nani kakwambia hili tanuri lako? Mimi bado nipo!" Siku kiwanda kilipofunguliwa baada ya mapumziko, kijana kafungua mlango kutazama kioo, ufito ukakatika, ukapiga chungu, chungu kikapasuka, uji wa kioo ukamwagika mlangoni alipokuwa kasimama.

Na kubwa zaidi, ndani ya tanuri na juu ya fito walikuta unga. Unga mweupe wenye umanjano kidogo, kama wa kupaka watoto. Na kwenye kabati la Babu Moto walikuta nini? Mfuko wa unga mweupe.

"Sumu ya fito," alisema Sajenti siku ile, akapiga makofi. "Kazipaka usiku wa kuamkia kazini. Kwisha habari."

Walipofika kiwandani, simu ya Mama Kwanini ikalia. Mkemia wa serikali. Akaiweka sauti ya juu ili Sajenti asikie.

"Mama, ule unga wa kabatini ni wa kusiribia matofali ya tanuri. Hauna ubaya wowote, hata ukiula utavimbiwa tu."

"Na ule wa ndani ya tanuri?"

"Huo ni kitu kingine kabisa. Humo kuna molibdeni na silikoni."

"Nani anauza hivyo vitu?"

Mkemia akacheka. "Hakuna aliyevimwaga, mama. Fito zenyewe zimetengenezwa kwa hivyo hivyo viwili. Unga wako ni fito. Zimejisaga."

Sajenti akavua kofia, akajikuna. Ushahidi wa kabati la mzee ukawa umekufa hivyo, kesi nusu imekwenda na maji. Lakini Sajenti si mtu wa kulala chini muda mrefu. "Basi kazidisha moto! Kafungulia umeme mpaka mwisho, fito zikashindwa. Sumu hakuna, lakini mkono upo."

"Chuma kikizidi moto kinafanyaje, Sajenti?"

"Kinayeyuka."

"Mshumaa?"

"Unapinda, unadondosha matone."

"Nionyeshe tone."

Wakaingiza tochi. Sajenti kichwa ndani ya tanuri mpaka mabegani, makalio nje, anazungumza kwa mwangwi. Tone hakuna. Matofali ya juu mazima, hayana kidonda. Fito zilizobaki zimeshika umbo lake vizuri, haukupinda hata mmoja, ila ukizigusa zinabomoka kama mkate wa juzi. Akatoka na nyusi nyeupe.

"Afande, hizi hazikuuawa na moto mkali."

"Mimi sijui zimeuawa na nini. Lakini umezeeka ghafla, jipanguse."

Mlinzi wa getini alikuwa amejisogeza karibu, wale wa kupenda kusikia. Mama Kwanini akamuuliza siku za mapumziko nani aliingia.

"Babu Moto peke yake. Anakuja anaangalia moto, anaondoka."

"Moto gani, na kazi imefungwa?"

"Huwa hazimi, mama. Tangu zamani. Anauacha wa wastani tu, anauita moto wa kulea. Anasema tanuri likipoa kabisa matofali yanapasuka, ni kama kumlaza mtoto na njaa. Mimi mwenyewe natega mgongo pale ukutani, baridi ikizidi."

Mama Kwanini hakuandika. Alikuwa ameona kitu kwenye kona, nyuma ya mapipa: fito za zamani, zilizoondolewa kabla ya hizi. Akaokota kipande kimoja, akaokota na kipande cha zile mpya, kile kilichokuwa kigumu kidogo. Urefu akaulinganisha. Kile cha zamani kilikuwa kizito mkononi, kinang'aa kama kikombe cha udongo kilichopakwa rangi ya kioo. Akakigonga na ufunguo wa gari: kililia ting, kikaendelea kulia. Kile kipya akakigonga: tup. Basi.

Halafu akafanya jambo lililomfanya Sajenti aseme "Astaghafiru." Akakilamba. Ncha ya ulimi kwenye mvunjiko, na ulimi ukanasa, kama unavyonasa kwenye mtungi mpya ambao haujawahi kutiwa maji.

"Kinakunywa," akasema. "Kina matundu. Hivi vitu havikutengenezwa kwa namna moja. Kwa nini?"

Mtengeneza fito walimkuta kwenye karakana yake upande wa pili wa mji. Watu walimwita Injinia na kweli alikuwa amesomea, cheti kiko ukutani kwenye fremu, kimeanza kuliwa na unyevu. Mtu wa utani, mikono haitulii. Akaagiza soda kabla hawajakaa.

"Mama Kwanini mwenyewe! Leo nimekamatwa kwa kosa gani? Uzuri?"

"Uzuri ungekuwa kosa, wewe ungekuwa huru. Hivi vyote ni vya kwako?"

Akavitazama vile vipande viwili mezani. Mikono ikatulia. "Vya kwangu."

"Kwa nini kimoja kinalia na kimoja hakilii?"

"Kimezeeka hicho..."

"Kilichozeeka ndicho kinacholia. Kilambe hicho kingine."

"Mama, jamani."

"Mimi nimekilamba na nina cheo. Kilambe."

Hakukilamba. Alijua. Akavuta kiti, akakaa, na soda zilipoletwa hakuna aliyezigusa isipokuwa Sajenti.

"Hiki cha zamani," akasema Injinia, sauti imeshuka, "nilikitengeneza kwa ile mashine pale. Unatia unga kwenye kifuko cha makaa, yaani kalibu yake, unauchoma huku unaukandamiza, moto na uzito kwa pamoja. Chembe zinashikana zenyewe kwa zenyewe. Hakuna tundu, hakuna gundi. Halafu nakichoma mara ya pili kwenye hewa, moto mkali kweli kweli, kinajitengenezea ngozi ya kioo. Ngozi hiyo ndiyo maisha yake. Hewa haiingii tena."

"Na hiki?"

"Mashine ilipasuka kifuko. Spea haipatikani. Nikakandamiza baridi, kwa mkono, nikachanganya udongo kidogo uwe gundi, ndipo nikakioka. Kinashika. Lakini kinabaki na matundu. Na ile gundi kwenye moto mkali inalainika, kwa hiyo nguvu yake ni ndogo."

"Ngozi?"

Injinia akakigeuza kile kipande mezani.

"Injinia, ngozi ulikichomea?"

"Sikukichomea. Umeme ulikuwa wa shida. Lakini mama, nisikilize!" Akanyanyua mikono yote. "Hata hivyo, kingeishi. Nakuapia. Fito hizi zina maajabu. Ukizipandisha moto mpaka juu kabisa, zinajivalisha ngozi zenyewe, humo humo tanurini, na zinadumu. Adui yake si moto mkali. Adui ni moto wa katikati. Pale ngozi inachelewa kuota, hewa inapenya kwenye matundu, inavimbisha ufito kutoka ndani, unajisaga. Unaweza kuutazama umesimama mzima kabisa, kumbe ndani ni unga. Sisi tunauita ugonjwa huo tauni."

Sajenti akaiweka chini chupa ya soda.

"Moto wa katikati ndio upi?" akauliza Mama Kwanini, japo alikuwa ameshajua.

"Ule wa kuoka mikate, mara mbili yake hivi. Kupita ni sawa, unapita haraka. Ila usiulaze hapo. Ukiulaza hapo siku nzima nzima..." Akatikisa kichwa. "Hakuna mtu mwenye akili anayelaza tanuri hapo."

"Anayelea je?"

"Anayelea nini?"

"Achana na hilo. Uliwaambia hayo wakati unawauzia?"

"Nilisema! Kijana aliyekuja kuchukua mzigo, yule mkwe wa mzee, nilimkalisha kwenye hicho kiti ulichokalia. Nikamwambia, hizi ni za dharura. Mkimaliza kazi zimeni kabisa, mkianza pandisheni moja kwa moja. Akarudia maneno yangu mara mbili mbili asije akasahau. Kijana msikivu yule. Anaendeleaje?"

"Daktari kasema ndugu waitwe."

Injinia akaangalia cheti chake ukutani kana kwamba ni cha mtu mwingine.

"Ulimwambia ni za dharura," akasema Mama Kwanini. "Na bei?"

"Ya siku zote."

"Na tajiri wake?"

"Tajiri sikumwambia. Angekataa mzigo. Nina watoto, mama."

"Sajenti, chukua maelezo yake. Yote, pamoja na hilo la ngozi. Akimaliza njoo naye."

Akatoka peke yake. Hakuna aliyemwona akifurahi, ingawa kazi yake pale ilikuwa imekwisha.

Babu Moto alikuwa kwenye kona ya mahabusu, mzee mfupi, nyusi hana, zilishaungua miaka mingi zikakata tamaa kuota. Supu haijaguswa.

"Mzee, shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Kafa?"

"Bado."

Akarudisha kichwa ukutani. "Basi kila mlango ukilia nadhani ndiyo hiyo."

"Mzee, siku ile mligombana nini na mkweo?"

"Nimeshawaambia. Mambo ya nyumbani."

"Mlinzi kasema mambo ya tanuri."

"Mtu yupo kitandani anachungulia kaburi, mimi nikae hapa nimseme? Mkwe hasemwi, mwanangu. Hata akikukosea."

"Alikukosea nini?"

Mama Kwanini akakaa chini sakafuni, na alivyo mnene si jambo dogo. Wakawa wametazamana macho kwa macho.

"Alitaka kuzima tanuri," akasema mzee mwishowe. "Siku za mapumziko. Kaja ananiambia, baba, safari hii tulizime kabisa. Mimi! Nimelilea tanuri lile kabla mama yake hajaolewa. Nikamwambia nani kakwambia lako, mimi bado nipo. Nikapaza sauti, kweli. Watu wakasikia. Akainamisha kichwa akasema, samahani baba. Akaondoka."

"Alikwambia kwa nini mlizime?"

"Alianza kusema kitu. Fito mpya sijui nini."

"Halafu?"

"Sikumpa nafasi."

"Na yeye hakurudi kulizima? Funguo alikuwa nazo."

"Atazimaje nami nimeshasema? Kijana ana adabu yule. Angeanzaje kunipinga, mimi baba wa mkewe?" Kitu kilianza kumjia, ulikiona kinapanda shingoni taratibu. "Kwa nini unaniuliza hivyo? Mwanangu, kwa nini unaniuliza kuhusu kuzima?"

Kwa mara ya kwanza katika kazi yake, mama yule alitamani swali hilo lisiwepo duniani. Lakini alimwambia. Akamweleza matundu, na gundi, na ngozi ambayo haikuchomwa, na moto wa katikati, na ule unga. Hakuficha wala hakupamba. Mzee alikuwa mtu wa tanuri, alielewa kabla sentensi hazijaisha. Kila kipande kilipomfikia aliitikia "eeh", "eeh", kama mtu anayehesabiwa viboko.

"Kwa hiyo zile siku nilizokuwa nakwenda kulitazama," akasema, "nakwenda naweka mkono ukutani nasema, hili limelala vizuri..."

"Hukujua."

"Yeye alijua."

"Alijua kwamba fito zitaharibika. Hakujua zitamwangukia yeye."

"Na asubuhi ile akafungua mlango yeye mwenyewe. Nilimwambia nifungue mimi, akasema baba kaa, nitaangalia." Babu Moto akashika kichwa kwa mikono miwili. "Basi andika ni mimi. Andika nimemuua. Nipelekeni kesho."

"Siandiki uongo. Hakuna aliyetega kitu. Aliyeuza fito mbovu kwa bei ya nzima yuko njiani anakuja, kitanda chako kitakuwa chake. Wewe unatoka sasa hivi."

"Nitoke niende wapi?"

Mama Kwanini akazitoa funguo mfukoni.

"Nakuuliza na mimi, Mama Kwanini. Nitoke niende wapi? Ninaishi kwa binti yangu. Chumba changu na chao vinapakana ukuta. Usiku nitamsikia analala upande mmoja wa kitanda. Niacheni humu. Humu angalau nimefungwa na nyinyi."

Binti alikuwa amefika. Hakuna aliyemsikia, alikuwa amesimama nyuma ya nondo, kamshika mkono yule polisi wa mapokezi kama mtu anayevuka barabara.

"Nimekuja kuchukua jibu langu," akasema.

Mama Kwanini akainuka kwa kushika ukuta. "Baba yako hakukusudia, mwanangu. Fito zilikuwa mbovu, na—"

"Sikuuliza kama alikusudia. Niliuliza ni yeye au si yeye."

Inspekta akafungua mdomo. Sheria ilikuwa na jibu lake, zuri tu, lenye kifungu na namba. Akaufunga.

"Ni mimi," akasema Babu Moto kutoka kule chini. "Si kwa sumu wala kwa chuki kama walivyosema. Mumeo alikuja kuniambia tuzime tanuri, angeniambia na sababu, na mimi nikamfokea mbele za watu. Akanyamaza kwa ajili ya kuniheshimu. Fito zikaoza kwa moto wangu. Ndiyo hivyo. Nichukie, umalize."

Binti akauachia mkono wa yule polisi.

"Amezinduka," akasema binti. "Kidogo. Sauti haitoki vizuri. Daktari anasema wakati mwingine inakuwa hivyo, wanazinduka kidogo halafu..." Hakuimaliza. "Ameniambia nije niwaambie polisi kwamba alizidisha moto yeye. Kwamba alikosea yeye, wewe hukuhusika. Nikamwangalia. Nikajua ananidanganya, kwa sababu alikuwa hanitazami."

Mzee akatoa sauti ambayo haikuwa neno.

"Anataka kufa na uongo kwa ajili yako, baba. Mimi siutaki. Vaa viatu."

"Nikafanye nini kule? Nitamtazamaje?"

"Utamwambia kama ulivyoniambia mimi. Kwamba alikuwa na haki ya kusema. Umwambie angali anasikia, asije akaondoka anadhani bado anatakiwa anyamaze."

Mama Kwanini akafungua mlango wa nondo kwa mkono wake. Viatu vya mahabusu vinawekwa nje, bila kamba, kwa sheria ya mle ndani. Babu Moto akatoka, akainama kuvitafuta, mguu wa kulia unaingia kiatu cha kushoto, anavua, anajaribu tena. Polisi wa mapokezi akasogea amsaidie, Inspekta akamzuia kwa jicho.

Binti hakumsaidia babaye. Aliegemea ukuta, macho kwenye mlango wa kutokea, na kila gari lililopita barabarani lilimshtua. Lakini alimsubiri.